Tulipoacha Kuagana Mtandaoni

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la barua pepe ambalo nilikuwa sijaligusa kwa miaka mingi, nikitafuta hati moja ambayo nilikuwa na hakika kwamba niliwahi kujitumia mwenyewe. Hati hiyo sikuipata. Nilichokutana nacho ni mamia ya barua za marafiki, na kabla sijatambua nilikuwa nimekaa saa nzima nikizisoma. Habari zilizomo nyingi zilikuwa za kawaida tu; kilichonishangaza ni umbo la barua zenyewe. Kila moja, hata ile ya mistari mitatu, ilikuwa na kichwa na mkia: ilianza kwa kujuliana hali, ikaingia kwenye jambo lenyewe, kisha ikaaga. "Muda wangu umekwisha, niishie hapa, hayo mengine nitakujibu nikiingia tena Jumamosi," aliniandikia rafiki mmoja niliyesoma naye, na sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nikiingia tena. Siku hizi ni nani anayeingia mtandaoni? Ili mtu aingie mahali ni sharti kwanza awe nje, nasi hatujawa nje kwa muda mrefu sasa.

Watu wanaposimulia mabadiliko ya intaneti, aghalabu huanza na kasi, kisha huhamia kwenye idadi ya watumiaji, na mwishoni huwalalamikia vijana. Sina ugomvi mkubwa na masimulizi hayo, ila naona yanaruka jambo lililobadilika kuliko yote. Zamani matumizi ya mtandao yalikuwa na mwanzo na mwisho. Mtu alibisha hodi, akakaa, akaaga, akaondoka. Mengi tuliyoyapata na tuliyoyapoteza tangu wakati huo, kwa maoni yangu, yanatokana na kung'olewa kwa mlango huo.

Hodi ya kwanza kabisa ilibishwa tarehe 29 Oktoba 1969, wakati mwanafunzi Charley Kline, akiwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipojaribu kuandika neno la Kiingereza la kuingilia, LOGIN, ili aifikie kompyuta iliyokuwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mamia ya kilomita kutoka alipokaa. Herufi L ikafika, O ikafika, kisha mfumo wa upande wa pili ukaanguka. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ukabaki kuwa "LO". Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami hucheka kila ninapokisikia, lakini ni vyema kutazama kilichokuwa kikiandikwa. Kline hakuwa akituma habari wala hesabu. Alikuwa akiomba kufunguliwa.

Miaka minane na kidogo baadaye, Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess walizindua huko Chicago ubao wa matangazo wa kompyuta ulioitwa CBBS. Kompyuta yao ilikuwa na laini moja ya simu, kwa hiyo iliweza kumpokea mtu mmoja tu kwa wakati. Uliingia, ukasoma yaliyoachwa na wenzako, ukaacha la kwako, ukakata simu ili mwingine apate nafasi. Asiyeondoka alikuwa amewafungia wengine nje, na hivyo kuondoka kulikuwa adabu iliyojengwa ndani ya chombo chenyewe.

Mimi nilikuja baadaye sana, wakati wa modemu zilizopiga kelele, vile vifaa vilivyoiunganisha kompyuta na mtandao kupitia laini ya simu. Aliyewahi kuitumia anaukumbuka ule mfuatano: namba zikipigwa, mvumo, kisha mikwaruzo kama ya redio iliyopoteza kituo, kisha kimya. Nilidhani kwa miaka kadhaa kwamba ile ilikuwa hitilafu. Kumbe yalikuwa maamkizi, mashine mbili zikipima usafi wa laini na kuulizana zinaweza kuzungumza kwa kasi gani. Modemu yenye kasi kuliko zote za aina hiyo ilifikia kilobiti 56 kwa sekunde, tena katika hali bora ambayo mimi sikuwahi kuiona, na kwa kasi hiyo wimbo mmoja wa megabaiti 5 ulihitaji kama dakika 12 kupakuliwa. Wakati wote huo simu ya nyumbani haikuweza kupokea mtu. Kila aliyekuwemo ndani alijua kwamba nimeingia mtandaoni, na alijua vilevile kwamba nimekawia kutoka.

Kwa sababu hiyo nilijizoeza utaratibu ambao leo ukimweleza mtu anakuona kama umetoka kwenye enzi za mawe. Niliziandika barua zangu zote kabla ya kuunganisha, katika programu ya kawaida ya kuandikia, nikazisahihisha, nikazipanga. Ndipo nilipounganisha, nikabandika moja baada ya nyingine, nikatuma, nikapakua zilizokuwa zikinisubiri, nikakata. Majibu ya marafiki niliyasoma nikiwa tayari nimetoka, mashine ikiwa kimya, bila ya mtu yeyote kujua kama nimeyasoma au bado. Nilikuwa na siku nzima, pengine wiki nzima, ya kufikiri nijibu nini.

Tovuti zenyewe nazo zilijengwa kwa mfano wa nyumba. Baada ya Tim Berners-Lee kuliwasilisha wazo lake la mtandao wa tovuti katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN mwaka 1989, na kituo hicho kutangaza tarehe 30 Aprili 1993 kwamba yeyote anaweza kuutumia bila malipo, watu wa kawaida walianza kutafuta viwanja. GeoCities, huduma ya kurasa binafsi iliyoanza mwaka 1994, iliwagawia bure, na ikavipanga katika mitaa: wapenzi wa filamu walipewa makazi katika mtaa ulioitwa Hollywood, wapenzi wa hadithi za kisayansi wakakaa Area51, na kila ukurasa ukawa na namba kama ya nyumba. Kurasa hizo zilikuwa na rangi za kuumiza macho, sitadanganya. Hata hivyo karibu kila moja ilikuwa na kitabu cha wageni, na mgeni mstaarabu hakuondoka bila kuandika jina lake na neno moja la shukrani. Nilitumia jioni nyingi nikizunguka kwa watu nisiowajua na kusaini vitabu vyao, na baadhi yao walikuja kwangu kurudisha ugeni.

Kisha zikaja programu za kuchati. ICQ ilianza mwaka 1996, na mwaka uliofuata kampuni ya America Online ikatoa AIM. Programu hii ya pili ilinivutia kwa jambo dogo: rafiki alipoingia ulisikia mlio wa mlango ukifunguliwa, na alipotoka ulisikia mlango ukifungwa. Mtu aliyelazimika kuondoka mbele ya kompyuta kwa muda aliandika ujumbe mfupi wa kueleza kwamba hayupo, na kuandika ujumbe huo kukawa sanaa. Wengine waliweka beti za mashairi, wengine walificha humo ujumbe kwa mtu mmoja ambaye walijua angeusoma. Kutokuwepo kulikuwa hali halali, yenye jina lake na alama yake, wala hakuna aliyekuuliza kwa nini hukujibu ilhali umeandika wazi kwamba hupo.

Mitandao ya kijamii ya mwanzo haikuvunja desturi hiyo. SixDegrees ya mwaka 1997, Friendster ya 2002, MySpace ya 2003, hata Facebook iliyoanzia katika mabweni ya Harvard mwezi Februari 2004, zote zilimpa mtu ukurasa wake, na aliyetaka habari zake alikwenda kumtembelea. Nilikuwa na mazoea ya kupita kwa rafiki mmoja mmoja kama mtu anayewazungukia jamaa zake siku ya sikukuu. Wengine sikuwatembelea kwa miezi, na nilipokwenda nilikwenda kwa sababu nimewakumbuka.

Ikiwa nitaulizwa mlango uling'olewa lini, nitajibu: Septemba 2006. Mwezi huo Facebook ilifanya mambo mawili. Lililoandikwa zaidi ni kwamba ilijifungua kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 13 na zaidi aliye na anwani ya barua pepe. Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mlisho wa habari. Kabla ya mlisho ulikwenda kwa rafiki. Baada yake matendo ya marafiki wote yalikusanywa, yakachanganywa, yakaletwa mbele yako kabla hujamtaja hata mmoja. Watumiaji walikasirika, na mamia ya maelfu wakajiunga na kundi la kupinga ndani ya mtandao huohuo. Kejeli ni kwamba kundi hilo lilikua haraka kwa sababu mlisho wenyewe ndio uliokuwa ukiwatangazia watu kwamba rafiki zao wamejiunga nalo. Kampuni iliomba radhi, ikaongeza vidhibiti vya faragha, na mlisho ukabaki.

Nakumbuka nilivyoupokea. Siku ya kwanza nilijiona kama ninayechungulia madirishani kwa watu. Baada ya wiki chache nilikuwa nimeacha kabisa kutembelea kurasa za rafiki zangu, kwa kuwa nilidhani ninazo habari zao zote, na ilinichukua miaka kugundua kwamba wale ambao mlisho haukuwaonyesha nilikuwa nimewasahau. Sikuwa nimegombana nao. Hawakuwa wameniaga, wala mimi sikuwaaga. Waliacha tu kutokea.

Mwaka huohuo wa 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukifika chini hujiongezea wenyewe. Kabla ya hapo ulifika mwisho wa ukurasa, ukaona namba za kurasa zinazofuata, ukaamua kama uendelee au ulale. Raskin mwenyewe amejitokeza hadharani baadaye kueleza kwamba anajutia matokeo ya ubunifu huo. Namheshimu kwa hilo, ingawa nina shaka kama kuna aliyewahi kufunga simu yake saa nane za usiku kwa sababu ya majuto ya mbunifu.

Simu ndiyo iliyomaliza kazi. iPhone ilitoka mwaka 2007, simu za kwanza za Android zikafuata mwaka 2008, na kompyuta iliyokuwa imekaa mezani kwenye pembe ya chumba ikahamia mfukoni. Lakini simu yenye intaneti peke yake isingetosha, kwani mtu angeweza bado kuitoa mfukoni kwa hiari yake. Kilichogeuza mambo ni arifa. WhatsApp ni mfano mzuri: Jan Koum alipoianzisha mwaka 2009 aliikusudia iwe programu ya kuonyesha hali ya mtu pembeni ya jina lake, yaani kama yuko kazini, ana shughuli, au simu yake inakaribia kuzima. Ilikuwa ndugu wa karibu wa zile jumbe za kutokuwepo za AIM. Katikati ya mwaka huo Apple iliziruhusu programu kutuma arifa kwenye simu hata zikiwa hazijafunguliwa, watumiaji wa WhatsApp wakaanza kujibizana kwa kubadilisha hali zao, na Koum, alipoona hivyo, akaigeuza iwe programu ya ujumbe. Kwa hiyo chombo kilichobuniwa ili mtu aweze kusema "sipatikani" ndicho kilichotufanya tupatikane wakati wote.

Mwezi Novemba 2014 zikaongezwa tiki za buluu. Sijui kama kuna alama ndogo kuliko hiyo iliyowahi kuleta ugomvi mkubwa kuliko huo. Kabla yake kimya kilikuwa na maelezo mengi: pengine hajapata ujumbe, pengine yuko safarini. Baada yake kimya kikawa jibu. Nimewahi kumuona mtu mzima, msomi, akiiweka simu yake kwenye hali ya ndegeni ili asome ujumbe wa mkuu wake bila kuonekana ameusoma, kisha akaifunga programu taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mtoto aliyelala.

Tukumbuke pia kwamba kinachotuzuia kuondoka leo si marafiki tena. Instagram, iliyoanza mwaka 2010, ilipanga picha kwa kufuata wakati zilipowekwa. Ulishuka hadi ukafikia uliyoyaona jana, ukajua umemaliza. Mwaka 2016 ikaanza kuzipanga kwa algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazokisia utakachopenda, na "nimemaliza" ikawa neno lisilo na maana. TikTok, iliyounganishwa na Musical.ly mwaka 2018, ilikwenda mbali zaidi kwa kukufungulia ukurasa ambao hauhitaji uwe na rafiki hata mmoja: inatazama umekaa sekunde ngapi kwenye video gani, na kwa hilo inakujua vya kutosha. Sisemi kwamba yaliyomo ni mabaya. Nimejifunza humo kurekebisha bomba linalovuja na kutamka maneno ya lugha nisiyoijua. Ninachosema ni kwamba tuliojiunga na mitandao ya kijamii ili kuwa na watu tunaowajua, sasa tunakaa humo na watu tusiowajua, huku tunaowajua wakiwa wamejificha katika makundi ya faragha.

Nisieleweke kwamba naililia modemu. Aliyewahi kusubiri siku tano ajue kama mgonjwa aliye mbali amepata nafuu hawezi kuzitamani nyakati hizo. Mzazi anayemuona mwanawe kwa video kila jioni, ilhali mabara mawili yamewatenganisha, hana haja ya kusikia mahubiri yangu kuhusu uzuri wa kusubiri. Tena mlango ule wa zamani uliwaweka nje watu wengi mno: wasio na laini ya simu, wasio na kompyuta, wasiosoma Kiingereza. Mlango ulipong'olewa waliingia, na ilikuwa haki yao.

Lakini nyumba isiyo na mlango ina shida zake, na moja imenikumba mwenyewe. Kulikuwa na huduma moja ya kuhifadhia picha, ambayo sitaitaja, niliyoiamini kwa takribani miaka sita. Nilipoirudia kutafuta picha za harusi ya dada yangu nilikuta ukurasa mweupe. Walikuwa wametoa taarifa ya kufunga, kwa barua pepe, kwenye anwani ambayo nilikuwa nimeacha kuitumia. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, kisha nikakubali kwamba lawama tunagawana. Sikuwa wa kwanza: GeoCities ilifungwa mwezi Oktoba 2009, na mitaa yote ile ingepotea kabisa kama watu wa kujitolea wasingekesha wakinakili walichoweza, MySpace ilikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo zilizowekwa na watumiaji kati ya mwaka 2003 na 2015 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. ICQ angalau iliaga vizuri. Ilitangaza siku yake, ikafungwa tarehe 26 Juni 2024, ikiwa na umri wa miaka 27.

Shida nyingine ni wafu. Facebook ilianza mwaka 2009 kuruhusu akaunti ya marehemu igeuzwe kuwa ya kumbukumbu, lakini ni sharti mtu aitoe taarifa. Mwenzetu mmoja wa kazini alifariki na hakuna aliyeitoa. Kila mwaka ifikapo siku yake ya kuzaliwa mtandao hunikumbusha nimpongeze, na kila mwaka watu watatu au wanne wasiojua humtakia maisha marefu. Mwaka jana mmoja aliuliza kwa nini siku hizi amekuwa kimya. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaliandika tena, mwishowe nikamtumia ujumbe wa faragha.

Nimeanza kwa rafiki aliyeniahidi majibu siku ya Jumamosi, na nilipofunga lile sanduku la barua nilikwenda kumtafuta. Tulikuwa pamoja katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani, kundi ambalo asubuhi hujaa picha za maua na jioni hujaa jumbe zilizosambazwa na watu wasiojua zimetoka wapi. Nilishusha orodha ya wanachama hadi mwisho, na jina lake halikuwemo. Zamani mtu alipojiondoa, kundi zima lilitangaziwa, na huo ulikuwa mlio wa mwisho wa mlango uliobaki. Tangu mwaka 2022 mtu anaweza kutoka kimya kimya, wakaarifiwa wasimamizi tu. Nilimuuliza msimamizi wetu, akasema hakumbuki.

Namba yake nilikuwa bado ninayo. Nilimwandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana: nikamjulia hali, nikamweleza kilichonikumbusha, nikamuuliza kuhusu yale mengine ambayo angenijibu akiingia tena, kisha nikaaga. Nilituma usiku wa Jumapili. Leo ni Alhamisi, na tiki bado ni moja.